Mgonjwa na bahasha yake: mwongozo kamili wa kutibiwa Moshi na Arusha, kuanzia zahanati mpaka KCMC

Naandika hii mana nimechoka kurudia maneno yale yale kwenye simu. Kila baada ya muda ananipigia ndugu au jirani, "wewe si ndo ulikuwa unamuuguza baba mkubwa, hebu niambie naanzia wapi", basi nimeona niandike yote sehemu moja, atakayenipigia tena namwambia kasome kwanza.

Baba mkubwa wangu ana miaka 71, anakaa Uru, kule juu ya Moshi mjini. Mkojo ulimsumbua muda mrefu, usiku anaamka mara tano, ila hasemi, wazee wetu hawa wa kiume unawajua. Siku ulipokwama kabisa ndo akasema, tena alisema kwa kelele. Kutoka siku ile mpaka anafanyiwa upasuaji wa tezi dume tulipita zahanati, kituo cha afya, hospitali ya mkoa na ya kanda, na kitu nilichotoka nacho ni hiki: kwenye hospitali zetu unapeleka vitu viwili, mgonjwa na karatasi. Mgonjwa akifika bila karatasi anaanza upya kama vile hajawahi kuugua, vipimo upya, hela upya, foleni upya. Kwa hiyo mengi humu ndani yanahusu karatasi, mnivumilie.

Kwanza zijue ngazi

Chini kabisa ni zahanati, ya kijiji au mtaa. Juu yake kituo cha afya, hapo kuna kujifungua, maabara, na vingi siku hizi wanafanya na upasuaji wa uzazi. Moshi mjini utasikia Majengo na Pasua, Arusha kuna Kaloleni, Levolosi, Ngarenaro, Muriet. Baada ya hapo hospitali ya wilaya, na kule kwetu mara nyingi kazi hiyo inafanywa na hospitali ya kanisa iliyoteuliwa, ndo mana unasikia "hospitali teule". Kilimanjaro tumebahatika kwa hospitali za kanisa, Kibosho, Kilema, Marangu, Machame, Huruma kule Rombo, huko milimani mtu hana sababu ya kushuka mjini kwa kila homa.

Halafu hospitali ya rufaa ya mkoa. Kilimanjaro ni Mawenzi, pale pale Moshi mjini. Arusha ni Mount Meru, karibu na AICC, lile jengo la mikutano. Juu yao kwa Kanda ya Kaskazini ni KCMC, ilifunguliwa 1971, na hapa watu wengi wanakosea: KCMC sio ya serikali, ni ya Shirika la Msamaria Mwema lenye mizizi kanisani, serikali inashirikiana nao na kuna watumishi inawalipa. Kwa hiyo usishangae utaratibu wa malipo na misamaha ukawa tofauti na Mawenzi. Juu zaidi ndo Dar, Muhimbili, MOI kwa mifupa na ubongo, JKCI kwa moyo, Ocean Road kwa saratani.

Kuna moja haikai kwenye ngazi ila muijue, Kibong'oto, iko Siha upande wa Sanya Juu. Ilianza miaka ya 1920 kama hospitali ya kifua kikuu na mpaka leo ndo hospitali ya taifa ya magonjwa ambukizi, TB sugu wameanza kuitibu pale 2009. Dawa za TB ni bure nchi nzima, hata zahanati, kwa hiyo mtu anayekohoa wiki mbili na kuendelea asikae nyumbani anakunywa tangawizi eti anasubiri hela.

Sasa swali la kila mtu: kwa nini nisiende tu KCMC moja kwa moja? Unaweza kwenda, hakuna mtu atakufunga kamba. Ila ukiwa na bima na huna rufaa bima inaweza kukugomea, ukiwa wa keshi utalipia gharama za juu kwa kitu ambacho Mawenzi au Mount Meru wangekimaliza, na utakaa foleni moja na watu wa Manyara na Tanga waliotumwa pale kwa sababu kwao kimeshindikana. Malaria, UTI, presha ya kufuatilia, kisukari kilichotulia, kidonda, kliniki ya mama na mtoto, hivyo vyote ni vya chini. Anza chini.

Lini uruke ngazi

Dharura haina rufaa. Mtu hapumui vizuri, amepoteza fahamu, degedege, damu haikati, kifua kinabana na jasho linatoka, uso umepinda upande mmoja ghafla na mkono umelegea, mkojo umekwama kabisa, mtoto mchanga amegoma kunyonya, mjamzito kichwa kinamuuma sana na anaona maruweruwe, hapo unaenda hospitali yoyote iliyo karibu yenye daktari muda huo, unaingilia mlango wa dharura, sio dirisha la kadi. Utaratibu ni huduma kwanza, mengine baadaye. Kwa kiharusi hasa usipoteze muda kumkanda mtu na mafuta, angalia saa ilianza saa ngapi, uikumbuke, daktari ataiuliza.

Mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 au kichanga, piga 115, ni bure, huo ndo mfumo wa m-mama, wanakutafutia usafiri, ambulansi ikiwa mbali wanatuma dereva wa jamii waliyekubaliana nae. Watu wengi bado wanahangaika na bodaboda usiku wakati namba ipo. Dharura nyingine 112.

Ajali, kupigwa, kubakwa, hapo kuna PF3, fomu ya polisi. Inatolewa bure. Mgonjwa mahututi atibiwe kwanza, ndugu mmoja ndo aende kituoni kufuata fomu wakati mwingine amebaki na mgonjwa. Aliyebakwa asioge na nguo asifue, aende haraka mana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndo bora. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa, hata kama mbwa ni wa jirani na "ana cheti".

Bahasha

Nunua bahasha ngumu ya kaki, ile kubwa. Ndani yake weka:

- kitambulisho cha NIDA au namba yake, na kadi ya bima kama ipo
- barua ya rufaa na nakala yake
- majibu yote ya vipimo vya zamani, hata ya miaka miwili nyuma, na picha za eksirei
- kadi ya hospitali yenye namba ya faili (kwa mjamzito kadi namba 4, kwa mtoto kadi namba 1)
- karatasi umeandika dawa anazotumia, au beba maganda yake yenyewe
- karatasi yenye majina ya dawa zinazomletea mzio kama zipo
- peni. Serious, beba peni, usiwe mtu wa kuazima peni hospitali nzima.

Kila karatasi ipige picha kwa simu siku ile ile unayopewa. Dada yangu alifanyiwa eksirei hospitali moja sitaitaja, akaambiwa picha itabaki kwenye faili, aliporudi baada ya mwezi faili lipo picha haipo, kila dirisha linamwelekeza dirisha lingine, mwisho akalipia nyingine. Tangu hapo sisi kwetu picha haibaki mahali.

Kuhusu dawa, kuwa mkweli, pamoja na zile za kienyeji. Baba mkubwa alikuwa anakunywa mizizi fulani ya mtu wa Himo na akanikataza nisiseme kwa dokta. Nikasema. Dokta wala hakufoka, aliandika tu na akamwomba aache kabla ya upasuaji, mana kuna vitu vinafanya damu isigande vizuri.

Na mgonjwa mzee, mtoto au aliyechoka asiende peke yake. Hospitali kubwa inahitaji watu wawili, mmoja wa kukaa na mgonjwa na mwingine wa madirisha.

Siku yenyewe, dirisha kwa dirisha

Fika mapema. Saa moja asubuhi ni mapema, saa tatu umeshachelewa, saa tano unakuta watu wanakuangalia kwa huruma. Kama kuna vipimo vya sukari ya kufunga usile kuanzia usiku, masaa 8 hivi, maji unakunywa. Dawa ya presha kwa kawaida unakunywa kama siku zote, dawa ya sukari ndo uliza kabla, usije ukaanguka kwenye foleni.

Mpangilio unafanana sehemu nyingi. Mapokezi unasajiliwa, mara ya kwanza wanakupa namba ya faili, ishike kama namba ya simu yako. Wa bima anaenda dirisha la bima anahakikiwa. Wa keshi kwenye hospitali za serikali anapewa kontroo namba, yaani namba ya malipo, analipa kwa simu au wakala, anarudi na meseji au risiti. Hela ya serikali inapita kwenye kontroo namba, mtu akikwambia "nipe tu mkononi nikusaidie" huyo anajisaidia mwenyewe. Weka hela kwenye simu kabla hujatoka nyumbani na uchaji simu, mana nimeona watu wanazunguka kutafuta wakala nje ya geti huku jina linaitwa ndani.

Kisha vipimo vya awali, nesi anapima presha, joto, uzito. Usidharau hapo, mtu akionekana yuko vibaya wanampitisha mbele, ndo mana kuna aliyefika baada yako akaingia kabla yako. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wana dirisha lao au wanapewa kipaumbele, kama huoni kibao uliza, usimwache mzee amesimama eti foleni ni foleni.

Kwa dokta

Una dakika kumi pengine, pengine pungufu. Usianze na historia ya ukoo. Sema nini kinauma, tangu lini, kinaongezeka au kinapungua, umetumia dawa gani, basi. Iandike kwenye simu usome. Baba mkubwa tulimfundisha njiani kwenye daladala, alipofika akaulizwa "mzee shida nini" akajibu "hamna shida, nasikia nafuu". Nikataka kulia. Kwa hiyo msindikizaji uwe tayari kuongea, ila kwanza mwombe ruhusa mzee, na kama ni mambo ya sehemu za siri mwulize kama anataka utoke nje. Ni haki yake, na mzee wa Kichaga hataongelea mkojo wake mbele ya mtoto wa mdogo wake bila kulazimishwa.

Kabla hujanyanyuka uliza: ugonjwa unaitwaje, uniandikie. Hiki kipimo kinatafuta nini. Dawa hii ni ya siku ngapi au ya maisha. Dalili gani nikiiona nirudi haraka bila kusubiri tarehe. Madokta wetu wengi wakiulizwa vizuri wanajibu vizuri, tatizo sisi tunaogopa kuuliza tunatoka tunaenda kumuuliza mwenye famasi.

Vipimo

Damu, mkojo na choo kwa kawaida majibu ni siku ile ile. Altrasaundi ya kibofu, tezi dume au mimba changa wanataka kibofu kimejaa, unakunywa maji mengi unabana. Hapa ndo nilicheka na sikutakiwa kucheka. Mzee kamaliza chupa ya lita moja na nusu, kakaa kwenye benchi, mguu mmoja unatikisika wenyewe, mbele yetu watu kama kumi, akanigeukia akasema taratibu, "mwanangu, mimi nimekuja huku kwa sababu mkojo haunitii, na nyie mnaniambia niubane". Nikaenda kumwambia nesi, akaingizwa. Kwa hiyo unywe maji ukijua umebakiza watu wangapi, na ukishindwa sema, wapo wanaoona aibu wanaenda chooni kimya kimya halafu wanaambiwa waanze upya.

Kinyama, yaani wakikata kipande wakapime, majibu yanachukua wiki kadhaa. Uliza yatatoka lini, unayafuata wapi, na namba ya kumbukumbu. Usikae nyumbani ukisubiri kupigiwa, fuatilia wewe. Na majibu yakitoka yanarudi kwa dokta, sio kwa gugo. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ikiwa juu sio lazima iwe saratani, tezi iliyovimba tu au maambukizi yanaipandisha, sisi tulikesha usiku mmoja bure kwa sababu ya binamu mwenye simu kubwa.

Barua ya rufaa, hapa soma mara mbili

Ukiambiwa "tunakuandikia rufaa" usipokee tu na kukunja mfukoni. Simama pale pale uikague: jina lako kama lilivyo kwenye NIDA na kadi ya bima (Joseph na Yusuph ni watu wawili kwa kompyuta), umri, unapelekwa hospitali gani na kliniki gani, ugonjwa wanaouhisi, vipimo vilivyofanyika na majibu, dawa ulizopewa, tarehe, jina na saini ya daktari, muhuri. Muhuri jamani. Sisi tulitoka kituo kimoja barua safi kabisa, mwandiko mzuri, haina muhuri, tukarudishwa kutoka mapokezi tulikopelekwa, nauli kwenda na kurudi na siku imekufa. Kosa la aliyeandika, ndio, ila na mimi nilikuwa nayo mkononi tangu jana yake na sikuiangalia.

Wa bima aulize kama rufaa imeingizwa na kwenye mfumo, mana siku hizi karatasi peke yake saa nyingine haitoshi. Na uliza ina muda gani, rufaa ya mwezi wa tatu ukiipeleka mwezi wa tisa usitegemee tabasamu.

Ukimaliza kule juu, mara nyingi unarudishwa chini na maelezo kwamba mgonjwa aendelee kufuatiliwa karibu na nyumbani. Watu wanaona kama wamefukuzwa. Hapana, ndo inavyotakiwa, presha yako haihitaji bingwa kila mwezi, inahitaji mtu wa kukupima kule kule kwenu. Ila hiyo karatasi ya kurudi nayo ni karatasi, iingie kwenye bahasha.

KCMC, hasa kwa wanaotoka Arusha na mbali

Kliniki za mabingwa zina siku zake, mifupa siku yake, mkojo siku yake, macho, ngozi, watoto. Usitoke Karatu au Longido kabla hujajua siku. Mwombe anayekuandikia rufaa akuthibitishie, au ndugu wa Moshi apite akaulize. Arusha mpaka Moshi ni kilomita kama 80, ukipanda gari la alfajiri unawahi, ila mgonjwa wa mgongo au aliyevunjika nyonga masaa mawili ya Kosta ni adhabu, bora mlale Moshi siku moja kabla. Kutoka mjini zipo daladala za KCMC moja kwa moja, hauna haja ya teksi kama mgonjwa anakaa vizuri.

Usiende ukitegemea kurudi siku hiyo hiyo na kila kitu. Siku ya kwanza mara nyingi ni kuonwa na vipimo, siku ya pili majibu na kupangiwa. Ukipangiwa upasuaji uliza tarehe, chakula unaacha saa ngapi, damu ngapi inahitajika, gharama kwa jumla na sio ya upasuaji peke yake, mana kuna kitanda, dawa, vifaa na vipimo vya kabla.

Pale pale KCMC kuna kituo cha ngozi ambacho kimekuwa kinafundisha wataalamu wa nchi nyingi tangu 1992, na ndo palipoanzia kutengenezwa yale mafuta ya kuzuia jua kwa watu wenye ualbino. Kama una mtoto mwenye ualbino na bado unahangaika na losheni za dukani, ulizia huduma hiyo, na kliniki yao ya ngozi ni muhimu kuliko mafuta yenyewe mana vidonda vidogo vinawahiwa.

Akilazwa

Beba kanga au shuka la ziada, ndala, sabuni, mswaki, kikombe, kijiko, beseni, chupa ya chai. Mama anayekwenda kujifungua atapewa orodha kliniki, iandae mwezi wa saba sio wa tisa. Vitu vya thamani vibaki nyumbani. Muda wa kuona wagonjwa umebandikwa getini, asubuhi, mchana na jioni, na mlinzi wa geti hana undugu na mtu kwa hiyo usimgombeze.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa ila uliza wodini kwanza. Mtori ni mzuri sana kwa aliyejifungua, ila aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana ukimmiminia mtori unampa matatizo, na mwenye figo hayo mandizi na chumvi yana mipaka yake. Shangazi zangu hawakukubali hili mpaka nesi alipowaambia mwenyewe.

Damu. Haiuzwi. Mtu akikuomba hela ya chupa ya damu ni mwizi. Ndugu mtaombwa kuchangia, wa miaka 18 mpaka 65, uzito kuanzia kilo 50, mzima, mwanaume kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Kanda ya Kaskazini kituo cha Damu Salama kiko Moshi. Ukoo wenu wa watu mia mbili kwenye ndafu, kwenye damu mnajikuta wanne, wawili wana presha. Pangeni mapema.

Dawa

Anza famasi ya hospitali. Wakisema haipo omba wakuandikie vizuri jina la dawa, sio jina la kampuni, kisha nje uliza ya bei nafuu yenye dawa ile ile, ipo karibu mara zote. Wa bima aulize fomu ya kuchukulia famasi yenye mkataba, usilipe keshi ukidhani utarudishiwa. Dawa za serikali zina alama ya GOT, ukiuziwa dukani yenye alama hiyo imeibwa mahali, toa taarifa. Na duka la dawa muhimu sio famasi, hawaruhusiwi kuwa na kila kitu, usimlazimishe yule binti akupe sindano.

Hela

Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na baadhi ya magonjwa kama TB na VVU sera inawapa msamaha kwenye vituo vya serikali. Wazee hapa kuna mkanganyiko mkubwa: sera ya wazee tangu 2003 inasema 60 na kuendelea *wasio na uwezo*. Sio kila mzee. Mzee mwenye uwezo analipa, asiye na uwezo anatambuliwa kijijini au mtaani, anapigwa picha, anapewa kitambulisho cha matibabu. Hiyo kazi ifanyike akiwa mzima, kwa mtendaji, sio siku amelala kwenye machela.

Asiye na hela kabisa aende Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali hiyo, kila hospitali kubwa wapo. Nenda na barua ya mtendaji, ueleze ukweli, watakuhoji. Nenda mapema, kabla bili haijakua, sio siku ya ruhusa. Saa nyingine ni msamaha wote, saa nyingine sehemu, saa nyingine kulipa kidogo kidogo.

Bima: CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuja na elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu mpaka 6, ikifika mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, na 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, mambo yanahamia huko. Pita ofisi ya kata uulize kifurushi kinachoandikishwa sasa hivi na kinafika ngazi gani, hilo la ngazi ndo watu wanasahau, wanakuja kugundua kwenye dirisha la kanda.

Mambo yakienda vibaya

Kila idara ina kiongozi, muulizie muuguzi wa zamu kwanza, kwa adabu, mengi yanaishia hapo. Kisha ofisi ya huduma kwa wateja au mganga mfawidhi, namba zao huwa zimebandikwa ukutani. Wizara ya Afya ina 199, bure. Ukiombwa rushwa, TAKUKURU 113, bure pia. Andika tarehe, saa, dirisha lipi. Kurekodi video unamtukana nesi hakutakusaidia na kuna wagonjwa wengine nyuma wanaonekana.

Ruhusa

Siku ya ruhusa kila mtu ana haraka na ndo siku ya makosa mengi. Usitoke bila karatasi ya ruhusa yenye ugonjwa, kilichofanyika, dawa, na tarehe ya kurudi. Mwenye mpira wa mkojo aulize unatolewa lini na nani, mwenye nyuzi hivyo hivyo. Uliza anaruhusiwa kubeba nini, kula nini, kulima lini. Baba mkubwa aliambiwa wiki sita asinyanyue kitu kizito, wiki ya pili nikamkuta na mkungu wa ndizi begani, anasema huo sio mzito, ni mdogo.

Bahasha yake inakaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, juu nimeandika tarehe ya kliniki kwa maka peni kubwa. Juzi nimeifungua kuangalia majibu ya mwisho nikakuta ameongeza cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cha mbwa wake Simba. Nikamuuliza baba, hii nayo? Akasema acha hapo hapo, siku akimng'ata mtu utaitafuta wapi.